Picha zetu za Kusini: tusiishie "kali sana", tuseme tunachokiona

#1 Mleta mada

Wanakusini salaam, wa Mtwara na wa Lindi, mlioko nyumbani na mlioko mbali.

Nataka tuzungumzie picha tunazotumiana. Siongelei za harusi wala za wenye kamera za mamilioni. Naongelea hizi za simu zetu: shemeji anapulizia salfa shambani Tandahimba, mtoto kalala juu ya magunia ya korosho akisubiri zamu ya mzani, bahari ya Shangani imekupwa mpaka ngalawa zimelala ubavu. Picha za namna hii zinaingia kwenye kundi letu la WhatsApp kila siku, na nazipenda kuliko picha yoyote ya kalenda. Kinachoniuma ni jinsi tunavyozipokea. Dole gumba, kialama cha moto, "kali sana mkuu", halafu linaingia tangazo la kiwanja na salamu za Ijumaa, picha imezama. Mtu kadamka gizani, kafika ukingoni Newala kabla jua halijatoka, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kaona nini.

Sisi wachache tuliosoma pamoja, ambao sasa tumetawanyika Mtwara, Lindi, Masasi, Dar na mmoja Muscat, tulijiwekea utaratibu. Kila mtu picha moja kwa wiki, Alhamisi jioni. Anayetuma anaandika ni nini, ni wapi na ni mwezi gani. Anayesifia ataje kitu kimoja anachokiona ndani ya picha. Ni hayo tu, na mazungumzo yamegeuka kabisa.

Mfano. Dada mmoja alileta picha ya Msangamkuu. Mama kainama kwenye mwamba, kanga kaifunga kiunoni, mkononi ana kijiti cha kuchokolea pweza, na nyuma yake maji yamebaki mstari mwembamba kule mbali. Upeo umeinama upande mmoja na kwenye kona kimeingia kidole cha mpigaji. Zamani tungesema "safi" tukapita. Safari hii yule wa Muscat, ambaye kakulia Msimbati, akaandika kwamba hilo ni bamvua, zile siku maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, tena kubwa, maana mwamba wa mbali namna ile siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, hauonekani. Mwingine akadakia: basi ni mnamo saa nne asubuhi, kwa sababu pwani yetu siku za bamvua maji hukupwa sana karibu na saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Tukarudi kutazama kivuli cha yule mama, na kweli, kilikuwa kifupi. Wa tatu akaona mkono wa pweza umening'inia ukingoni mwa ndoo, kumbe alikuwa ameshapata. Dada mwenye picha hakuwa ameuona ule mkono. Alifurahi kwa namna ambayo madole gumba mia yasingempa.

Kasoro nazo tulizitaja, ila mwishoni na kwa upole: nyoosha upeo, angalia pembe nne za kioo kabla hujabonyeza. Mpangilio huo ni muhimu kwangu. Ukianza na kasoro kwa mtu anayejifunza, wiki ijayo haleti picha.

Jambo la pili, na hapa naomba mnivumilie, ni majina. Mwaka 1906 profesa mmoja wa Leipzig, Karl Weule, alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya kurekodi sauti na hata ya filamu. Picha zake za babu na bibi zetu zimehifadhiwa vizuri mpaka leo, lakini nyingi zinaeleza kabila tu. Mwanamke wa Kimakonde, mwanamume wa Kiyao. Nani? Mama wa nani, wa kijiji gani? Haikuandikwa, na leo hakuna wa kuulizwa. Linganisha na Tendaguru, hapo Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Mamia ya watu walichimba na kubeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na yule mnyama mrefu sasa amesimama kwenye makumbusho ya Berlin. Katika wale wote, msimamizi mkuu wa vibarua tunamjua kwa jina, Boheti bin Amrani, kwa sababu kuna aliyeliandika. Ukitazama picha ya machimbo yale ukijua kwamba Boheti yumo kwenye kazi hiyo, unaitazama kwa namna nyingine kabisa.

Sasa sisi wenyewe, tunaojua majina, tunatuma picha ya bibi anabangua korosho bila hata kusema yuko Nanyamba au Mahuta. Hilo ndilo ninalolipigania: tutazame picha za wenzetu polepole, na tuandike yaliyomo tungali tunayajua.

Karibuni.

#2 Mdau wa Masasi

Mleta mada umegusa penyewe. Niongeze la mwanga, kwa sababu hata macho yakiwa mazuri kuna picha hazitazamiki.

Huku kwetu kila mgeni anapiga majabali ya Masasi saa saba mchana akishuka kwenye basi. Jabali linatoka jeupe, halina umbo, limebandikwa tu pale. Subiri saa kumi na moja jioni. Jua likilala, kila ufa unaonekana, jiwe linaingia wekundu, na miembe ya chini inatupa vivuli virefu. Simu ileile, mahali palepale. Kuanzia Juni mpaka mvua zinapokaribia, kuna vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na jua la jioni linakuwa la rangi ya chungwa lililoiva. Watu wanadhani tumeweka filta.

Na watu wajue sisi tuko kama nyuzi kumi kusini mwa ikweta. Kila mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na 20 Februari, jua la mchana linapita utosini kabisa. Nguzo inabaki haina kivuli. Siku hizo ukimpiga mtu picha saa sita uwanjani, macho yake yanakuwa mashimo mawili meusi. Mpeleke chini ya mkorosho au barazani. Kivuli cha mkorosho ni studio ya bure, matawi yake yanashuka chini na mwanga unaingia kwa pembeni.

#3 Mleta mada

Asante kaka wa Masasi. Hilo la baraza ni kweli tupu, na naliongezea moja. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya mchanga mweupe au anga la Mikindani, simu inapima ule weupe na kumfanya mtu awe giza. Gusa uso wake kwenye kioo kabla hujapiga, simu itapima uso. Anga litaungua kidogo. Liache liungue, huyo mtu ndiye aliyekutoa nyumbani.

Pia futa lenzi. Ukishakaa pwani nusu saa, chumvi ya hewa na jasho la vidole vinaweka utando, na picha zote zinakuwa na ukungu ambao Shangani haukuwepo.

#4 Mdau aliyeko Dar

Wakuu, mimi naleta upande wa pili, msinione mkorofi.

Mimi ni miongoni mwa wale wa dole gumba. Natoka kazini saa mbili usiku, nina makundi mengi, nafungua nakuta picha thelathini. Kila picha niandike insha? Dole langu lina maana yake: nimekuona ndugu yangu, nimefurahi, endelea. Sisi wa mbali picha hizi ni pumzi. Juzi kuna mtu alituma mkorosho umechanua, sikuandika neno, lakini niliitazama kwenye daladala kutoka Mwenge mpaka Mbagala. Nisije nikaonekana sijali kwa sababu sikuchangia.

#5 Mleta mada

Kaka, nakuelewa na sikulaumu. Picha thelathini kwa usiku mmoja hakuna binadamu anayeweza kuzitazama, ndiyo maana tulianza na ile ya moja kwa wiki. Mzigo kwanza ni wa anayetuma. Mtu akichagua moja kati ya thelathini alizopiga, ameshafanya nusu ya kazi ya kukuheshimu.

Lakini hebu tazama ulichotuandikia hapo. Uliitazama picha ya mkorosho kutoka Mwenge mpaka Mbagala! Aliyeipiga angelijua hilo, angelala anacheka. Hayo maneno yako ndiyo niliyokuwa nayaombea nafasi, na hayakufika kwake, umeyaleta hapa kwetu. Mwandikie leo. Usimwandikie insha, mwambie hivyohivyo ulivyosema hapa.

#6 Mdau wa Lindi mjini

Salaam. Mimi nina wasiwasi na hilo la majina.

Nafundisha shule ya msingi. Juzijuzi picha ya watoto wakivuka na kivuko kutoka Kitunda ilizunguka kwenye makundi, nzuri mno, ghuba yote inaonekana nyuma yao. Chini mtu kaandika majina ya watoto, shule na darasa. Kwa nia njema kabisa. Lakini sasa mtu nisiyemjua, aliyeko popote, anajua mtoto yule anaitwa nani na saa ngapi yuko kwenye kivuko. Mzazi mmoja alikuja kwangu hana amani.

Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtu pamoja na jina lake si mambo ya kuchezea. Hata bila sheria, mtoto wa mwenzio unamwombea ruhusa kwa mzazi wake. Kwa hiyo ndugu mleta mada, majina yaandikwe wapi hasa?

#7 Mleta mada

Mwalimu, umeniletea swali lililohitajika, na naliona hivi.

Jina liandikwe, lakini si lazima liandikwe hadharani. Kwenye kundi letu chini ya picha ya mtoto tunaandika mahali na mwezi tu: kivuko cha Kitunda, Agosti. Jina linaandikwa kwenye daftari la aliyepiga, au kwenye nakala anayompelekea mama wa mtoto. Mtu mzima anaulizwa: nikutaje? Wengi wanakubali kwa furaha, na akikataa, basi. Yule mama wa pweza aliulizwa baadaye, akasema jina litajwe kwa wajukuu zake na si kwenye simu. Dada kaichapisha picha, kaandika jina nyuma kwa penseli, kampelekea. Hiyo nakala ya karatasi naamini itadumu kuliko simu zetu zote.

Na hili la kupeleka nakala tulishike. Tunapiga sana watu wa vijijini na wao hawaoni kilichotoka. Kuchapisha picha moja ndogo mjini hakushindi mtu.

#8 Mdau wa Newala

Nami kama mzaliwa wa Newala nisipolisema hili nitakuwa nimekosa adabu kwa wazee. Jando na unyago. Kila mwaka vijana wanakuja na simu wakitaka kupiga mambo ya ndani. Ngoma ya nje, siku wali, yaani vijana waliochezwa, wanapotoka, watu wamevaa, sindimba inachezwa, vigelegele, hapo omba ruhusa kwa wenye shughuli na upige. Ya ndani yaachwe ndani. Hakuna sifa ya kundi lolote inayolipa heshima ya mwali. Na ikitokea mtu kaituma, msiisambaze hata kwa kulaani. Mwambieni pembeni aifute.

Kuhusu picha ya ukingoni, ule mteremko tunaouita Shimo la Mungu, naona mleta mada umeitaja. Wanaotaka ile ya ukungu waje miezi ya baridi, Juni na Julai, wafike kabla ya jua. Bonde lote la Ruvuma linakuwa limejaa ukungu na ng'ambo kule ni Msumbiji. Ila waweke mtu kwenye picha, hata akiwa mdogo kama sisimizi. Bila mtu, ukubwa wa pale hauonekani.

#9 Mdau wa Mikindani

Tatizo langu ni la ufundi. Nina picha ya mlango wa nakshi wa nyumba moja ya zamani ya mawe huku Mikindani, nimeipiga jioni, kila ua lililochongwa linaonekana kwenye simu yangu. Nikiituma WhatsApp, wenzangu wanasema ina ukungu. Mnafanyaje? Nimechoka kuambiwa "kali" kwa kitu ambacho hawajakiona.

#10 Mleta mada

Ndugu, WhatsApp inabana picha ili ipite haraka na isile bando. Picha yenye ukubwa wa megabaiti nne inaweza kufika ikiwa kilobaiti mia chache, na vitu vya kwanza kupotea ni hivyo vya nakshi na nyuzi za ukindu. Kabla ya kutuma bonyeza alama ya HD pale juu, kipengele hicho kimekuwepo tangu 2023. Itafika nzuri zaidi. Ukitaka ifike kama ilivyo, itume kama dokumenti, si kama picha.

Lakini hapa wasiwasi wa mwalimu unarudi. Picha ikitumwa kama dokumenti inabeba taarifa zake za ndani, pamoja na mahali ulipokuwa umesimama kama simu yako ilikuwa inarekodi mahali. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaziondoa. Kwa mlango wa Mikindani hakuna neno, wala kwa Boma la 1895 lililo hatua chache kutoka hapo, kila mtu anajua lilipo. Kwa picha ya mtoto nyumbani kwao, zima kwanza kurekodi mahali.

Tuletee huo mlango Alhamisi. Na utuambie kama mchongo ni wa maua matupu au kuna mnyororo ukingoni, maana kwenye simu ndogo si rahisi kutofautisha.

#11 Mdau wa Mikindani

Kuna mnyororo! Unazunguka fremu yote. Nimekwenda kuthibitisha sasa hivi, na chini kabisa umeliwa na mchwa, kipande kama kiganja hakipo.

#12 Mdau wa Tandahimba

Na mimi niseme kwa ajili ya picha za salfa, kwa sababu watu wa mjini wanazipenda wakidhani ni ukungu wa asubuhi. Ule ni unga wa salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa unaokausha maua ya mkorosho. Tunapulizia alfajiri kwa sababu upepo umetulia na umande unasaidia unga kushika kwenye majani na maua. Jua likipenya katikati ya matawi, mwanga unakuwa mihimili, kweli inapendeza. Lakini mtazame aliyebeba mashine. Kafunga kitambaa puani au hana kitu? Macho yake mekundu? Picha nzuri ya salfa kwangu ni ile inayomwonyesha huyo, si mihimili peke yake. Kuna kijana wa kundi letu alimpiga baba yake akinawa uso baada ya kazi, maji ya njano yanachuruzika kwenye kidevu. Mihimili haimo. Mimi mkulima nimeitazama hiyo kuliko zote, na nikamwandikia kwamba nimeona kope za mzee zimeshika unga hata baada ya kunawa.

#13 Mleta mada

Hii ya Tandahimba imenigusa. Mtu wa shamba anaona kope, mtu wa pwani anaona bamvua, mchonga mbao ataona mnyororo. Nani mwingine angetuonyesha hayo?

#14 Mdau aliyeko Dar

Wakuu nimerudi. Nimemwandikia yule wa mkorosho. Kanijibu kwa sauti ya dakika nne, kumbe mkorosho wenyewe ulipandwa na babu yake, na kaniambia mambo ambayo kwenye picha hayamo.

Sasa nina swali. Nina albamu ya marehemu mama, picha za studio, wengi wamesimama mbele ya pazia lililochorwa bahari, na nyingine za Nachingwea ambazo naamini ni za enzi za reli, kabla haijafungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Sina mashine ya skana. Nizileteje kwa HD zisiharibike?

#15 Mleta mada

Hizo ni hazina, zilete taratibu. Usizing'oe kama zimegandia kwenye albamu, zitachanika. Iweke albamu mezani karibu na dirisha, mchana, pasipo jua la moja kwa moja, na uzime tochi ya kamera kwa sababu itaacha doa jeupe katikati. Shika simu iwe sambamba na picha kabisa, juu yake, na ukiona mng'ao wa dirisha zungusha albamu hadi uondoke. Piga ukurasa mzima kwanza, halafu kila picha peke yake. Kama nyuma kuna maandishi au muhuri wa studio, na picha imelegea yenyewe, piga na nyuma pia. Muhuri utatuambia mji, na pengine mwaka.

Hizo za Nachingwea usisubiri Alhamisi moja moja. Hapo tutavunja utaratibu wetu, kwa sababu tunao wazee Nachingwea na Lindi waliopanda treni ile, na kuna anayeweza kumtambua mtu. Anza na yenye watu wengi. Mdau wa Lindi mjini, wewe una mzee jirani yako uliyewahi kumtaja, unaweza kumwonyesha?

#16 Mdau wa Lindi mjini

Naweza. Macho yake hayaoni vizuri kwenye simu, kwa hiyo nitaichapisha kwa ukubwa wa karatasi ya shule. Nitumie kesho kabla ya saa nane, Jumamosi nitakuwa kwake. Nitaandika atakachosema, na nitamuuliza kama anaruhusu kitajwe hapa.

#17 Mdau aliyeko Dar

Naituma usiku huu. Ni ya watu kumi na mmoja, wamesimama mbele ya behewa. Mama ni wa tatu kutoka kushoto, mwenye kanga ya maua makubwa, na kashika mkono wa mtu ambaye nyumbani hakuna anayemjua. Muulize mzee kuhusu huyo kwanza.